Mwiko wa hadithi mchana: tuwarithishe watoto au tuuzike?

#1 Kibarazani
Wakuu, habari za jioni. Pwani na bara nyumba nyingi zina desturi moja: vitendawili na ngano ni vya usiku, baada ya chakula. Mtoto akidai hadithi jua likiwa juu huambiwa ataota pembe. Kwingine ni mkia, kwingine atapotea njia akitumwa dukani.

Maswali mawili. Mwiko huu ulitokana na nini hasa? La pili ndilo linaloniuma: mtoto wa siku hizi anatoka shule saa 11, anaoga, anakula, anakalia kazi za shule hadi saa 2 na nusu, saa 3 kichwa kimeshaanguka. Usiku wa kutambiana haupo. Tukihamishia Jumamosi mchana tunapoteza kitu, au tunashikilia pembe zisizokuwepo?

#2 Ndizi_Mzuzu
Natandika mkeka hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mwl_wa_Fasihi
Jibu ni kazi, halina mzunguko. Mchana ulikuwa wa jembe, maji na mifugo. Hadithi moja yenye wimbo inakula muda, na mtambaji mmoja akianza anawavuta watoto wa ua mzima. Ukigeuka mbuzi wako kwenye mihogo ya jirani. Wazee waliona kumtisha mtoto kwa pembe ni rahisi kuliko kumfukuza na fimbo kila siku. Na msidhani ni jambo letu peke yetu: Wazulu kule Afrika Kusini nao wana mwiko huohuo, na pembe zilezile.

#4 Siti_wa_Mkunazini
Mwalimu, hapo sikubaliani. Kazi za mchana za uani ni kusuka ukindu, kukuna nazi, kupeta mchele, kuchambua mboga. Mikono inafanya kazi, mdomo uko huru. Kama shida ingekuwa kazi, huo ndio ungekuwa wakati mzuri kuliko wote, na nyimbo za kazi zingekatazwa pia. Hazikukatazwa.

Sababu ni giza. Gizani mtoto haoni uso wa bibi, kwa hiyo kila kitu kinabebwa na sauti: fisi anaongea puani na kuburuta maneno, sungura anatoa maneno mafupimafupi, zimwi linatoka kifuani. Mchana macho yanakimbilia kuku, mpita njia, nzi kwenye sinia. Ngano ileile ukiitamba saa 8 mchana inachosha, na mtoto anaanza kuuliza "halafu?" kabla sentensi haijaisha. Hiyo "halafu" ya haraka ndiyo dalili kwamba hasikilizi, anasubiri iishe.

#5 Kunguru_Mjanja
Kwa hesabu ya #4, umeme unapokatika ndipo malezi yanapokamilika. Basi mtaani kwetu watoto wamelelewa sana mwezi huu.

#6 Abu_Tarishi
Salaam. Mnazunguka mbali. Pwani mtoto asubuhi shule, alasiri chuoni (madrasa), akirudi ni magharibi. Dar magharibi inaingia saa 12 na dakika kadhaa, isha karibu na saa 2 kasoro robo. Kati ya hapo watu wanaswali na kula. Kinachobaki ni baada ya isha. Ratiba imefanya usiku uwe wakati wa hadithi, kisha watu wakaibandikia mwiko juu yake. Mwiko ni mtoto wa ratiba.

#7 Mwl_wa_Fasihi
#6, hilo linaeleza Unguja, Lamu na Bagamoyo. Halielezi jamii za bara ambazo hazikuwa na chuo wala isha na bado zina mwiko uleule.

#8 Bi_Mwasiti
Na wapo watakaowakumbusha kuwa mazungumzo baada ya isha yamechukizwa. Tuwahi kujibu: wanazuoni wameacha nafasi ya kuzungumza na watu wa nyumbani na wageni. Tuendelee.

#9 Kibarazani
Asanteni, lakini swali la pili limekaa njaa. Nipeni namna ya kufanya. Watoto watatu, miaka 4, 7 na 11. Naanzia wapi?

#10 Mwl_wa_Fasihi
Dakika 25 zinatosha, mara mbili kwa wiki, siku zilezile. Ukisema "tutafanya tukipata nafasi" imekufa hiyo.

Anza na vitendawili sita au saba. Viwili viwe wanavyovijua tayari, ili wa miaka 4 apate ushindi mapema ("Nyumba yangu haina mlango", akijibu yai ameshaingia mchezoni). Vitatu vya kati: "Kuku wangu katagia mwibani", nanasi. "Nyumba yangu ina nguzo moja", uyoga. "Nikimpiga mwanangu watu hucheza", ngoma. Kimoja kiwe kipya kabisa kwa wote. Baadaye hadithi moja, si mbili. Hadithi inakaa mwisho kwa sababu inalaza. Ukiigeuza ikatangulia, vitendawili vitawaamsha na saa 5 bado wanarukaruka kitandani.

Namna ya kutega: unasema "Kitendawili!", wanaitika "Tega!" Mwitikio ukiwa dhaifu rudia, usitege kwa watu waliolala. Kitamke mara mbili bila kubadilisha hata neno moja. Kisha hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kupokea jibu la kwanza. Bila hizo kumi, mkubwa anafyatuka na wadogo wanaacha kufikiri. Pokea majibu matatu au manne, wakikwama ndipo "Nipe mji": wanakutajia mji, nawe unatoa jibu.

Yanayoharibu: mkubwa wa miaka 11 kujibu vyote. Mpe ukarani wa miji, aandike daftarini nani ameshinda mji gani, na ategee wenzake. Atakuwa na kazi yenye cheo. Mtu mzima kucheka jibu la kijinga; mdogo akichekwa mara mbili, ya tatu anakaa kimya hadi mwisho. Na kubwa kuliko yote, kumalizia hadithi kwa "kwa hiyo watoto, msiwe wachoyo kama fisi." Wameshasikia fisi alivyopasuka. Waacheni.

#11 Siti_wa_Mkunazini
Hilo la mwisho lipigwe muhuri.

Naongeza upande wa hadithi. Chagua yenye wimbo unaorudi, maneno manne au matano tu. Mara ya kwanza unaimba peke yako, mara ya pili wanakufuata, ya tatu unanyamaza na wao wanaimba. Usipowaachia ya tatu, umeimba tamasha. Na mlango wa kuingilia usiuruke. Unguja ni "Paukwa!" "Pakawa!" kisha "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi..." Maana haieleweki vizuri hata kwa wakubwa, na wala si shida. Ule ni mlio wa kufungua mlango.

#12 Karani_wa_Nakuru
Huku Kenya tunaijua na mkia tofauti: "Paukwa! Pakawa! Sahani! Ya mchele! Giza! La mwizi!" na inaishia kwa kiboko cha mtoto mtundu. Nyumba nyingine ni "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" Nilidhani Paukwa ilibuniwa na vitabu vya shule za msingi.

#13 Mwl_wa_Fasihi
Hapana, Karani. Vitabu vya shule vimeikuta na kuinyoosha, ndiyo maana inafanana nchi nzima. Ukitaka kujua ngano za Unguja ni za kale kiasi gani, Askofu Edward Steere alishachapisha mkusanyiko wake London mwaka 1870, kutoka midomoni mwa watu wa Unguja. Redioni nako ziliendelezwa: waliosikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam wanaelewa nasema nini.

#14 Ndizi_Mzuzu
Wakati mnatafuna vitabu: Kitendawili!

#15 Kunguru_Mjanja
Tega!

#16 Ndizi_Mzuzu
Hausimiki hausimami.

#17 Kunguru_Mjanja
Mlevi wa Ijumaa.

#18 Mhamiaji_Columbus
Hausimiki... maji? Nitarudi.

Niulize langu kwanza. Bibi wa watoto yuko Dar, sisi tuko Ohio, Marekani. Bibi anapenda kuwatambia kwa simu saa 3 usiku wake. Huku inakuwa saa 7 mchana majira ya baridi, saa 8 mchana majira ya joto. Bibi yuko usiku, watoto wako mchana. Pembe zinaota kwa nani?

#19 Kunguru_Mjanja
Zinaota katikati ya bahari.

#20 Binti_Lewisham
London tumebahatika kidogo. Saa 3 usiku ya Dar ni saa 12 jioni huku majira ya baridi, giza limeshakolea. Ni saa 1 jioni majira ya joto. Ila mwezi wa sita jua linazama saa 3 na dakika 20 usiku, kwa hiyo mkishikilia mwiko kwa jua, watoto wa huku hawana hadithi mpaka vuli.

Kwa Columbus: msilazimishe simu ya moja kwa moja. Bibi arekodi sauti WhatsApp, vipande vya dakika mbili mbili, na kila kipande akiishie kwenye mwitikio. Anasema "Kitendawili!" anakaa kimya sekunde tano, kisha anatega. Mnacheza usiku wenu, taa zimezimwa, simu imefunikwa kitambaa. Watoto wanarekodi majibu na mji, bibi anayapata akiamka. Kosa la kawaida ni kumwachia bibi arekodi dakika 15 mfululizo. Kipande kirefu hivyo mtoto anakipeleka mbele kwa kidole.

#21 Abu_Tarishi
Na simu ya video?

#22 Binti_Lewisham
Video inamrudisha mtoto kwenye macho, soma #4. Anaanza kuangalia dari la bibi, paka wa bibi, na picha yake mwenyewe pembeni. Sauti tupu.

#23 Daktari_Mashaka
Nimesoma yote kwa utulivu. Kila mtu anasema desturi hizi "zina thamani" kwa mtoto. Thamani gani? Mkiniambia zinaongeza akili nitaomba vipimo. Mtoto akicheza drafti na baba yake hapati vilevile?

#24 Mwl_wa_Fasihi
Haki yako kuuliza. Mimi siongelei akili, naongelea vitu vinavyoonekana. Kimoja ni upatanisho wa sarufi. Mtoto aliyekulia penye Kiswahili kidogo husema "nyumba yangu hana mlango". Ukimsahihisha darasani anasahau. Ndani ya kitendawili hawezi kukosea, kwa sababu kimekuja kimefungwa: "haina mlango", "lina chawa", "zavuka mto". Akikariri 30 amebeba ngeli karibu zote bila kuambiwa neno ngeli. Drafti haina hiyo.

#25 Bi_Mwasiti
Kingine ni kushindwa. Mtoto anaposema "chukua Mombasa" amekiri hajui, mbele ya wadogo zake, na amekiri kwa ukarimu. Tazameni watoto kwenye michezo ya simu, wakishindwa wanazima. Hapa kushindwa kuna maneno yake, na ukishasema unapewa jibu. Wanaotoa jibu bila kudai mji wanakata sehemu yenye nyama.

#26 Daktari_Mashaka
La #24 nalipokea. La #25 bado naona ni imani nzuri.

#27 Mzee_Katwe
Kuhusu mji. Mnauchukulia kama mzaha, una mizizi. Buganda tunasema "Koyi koyi!" wanajibu "Lya!", maana yake kula. Ukishindwa unatoa kijiji, na mtegaji anakila. Kula kwa Kiganda ndiko kutawala pia, mtu "anakula" uchifu. Kwa hiyo unayemshinda anakukabidhi eneo. Ni mchezo wa utawala wa watoto.

#28 Karani_wa_Nakuru
Wanyarwanda nao "Sakwe sakwe!" "Soma!" Wagikuyu "Gwata ndai!" Kumbe ukanda mzima tunagonga mlango mmoja.

#29 Siti_wa_Mkunazini
Maelezo ya Mzee ni mazuri kwa Buganda, sina hakika yanavuka hadi pwani. Huku mji mara nyingi hukataliwa. Unampa Chumbe, anasema "sitaki, kuna nini Chumbe?" Unampa mwingine mpaka akubali, kisha anasafiri: "Nimekwenda Tanga, nimefika, nimekula, nimeshiba, watu wa Tanga wananiuliza wamekushindia nini..." Ile safari ni muda wa kuwapa wengine nafasi ya mwisho ya kutegua. Wapo wanaopata jibu mtegaji akiwa bado barabarani. Kwangu mji ni saa.

#30 Bi_Mwasiti
Au ni jiografia. Mtoto akiishiwa miji analazimika kujifunza mipya.

#31 Kibarazani
Sasa shida nyingine: maneno. Nikitega "Popoo mbili zavuka mto" hawajui popoo. "Tandika kitanga tule kunazi" hawajui kitanga wala kunazi. Nibadilishe?

#32 Mwl_wa_Fasihi
Usibadilishe. Eleza mara moja, fupi: popoo ni tunda dogo gumu la mpopoo, hutafunwa na tambuu, viringo kama gololi. Mtoto akishaona umbo, jibu, yaani macho, linakuja lenyewe. Kunazi ni matunda madogo ya mkunazi, yakimwagwa juu ya kitanga, mkeka mdogo wa duara, yanafanana na nyota. Ukibadilisha "popoo" kuwa "mipira" umeua mapigo, na "zavuka" itageuka "inavuka" ndani ya wiki.

Angalieni pia "Kuku wangu katagia". Hiyo ka- si ile ya kufuatanisha matendo ya "akaenda, akakaa". Ni "ametagia" ya watu wa pwani. Kiswahili sanifu kilipojengwa juu ya Kiunguja miaka ya 1930, umbo hilo halikuingia madarasani, ila vitendawili vikalihifadhi.

#33 Karani_wa_Nakuru
Na wanafunzi wetu wanakuja kuulizwa fasihi simulizi kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi ya tatu, wakiwa hawajawahi kutegewa hata kimoja nyumbani. Wanakariri sifa za kitendawili kama sifa za mwamba.

#34 Mhamiaji_Columbus
Wa kwangu wa miaka 7 kwenye "nyumba yangu haina mlango" amejibu "tikitimaji". Nikubali au nikatae?

#35 Bi_Mwasiti
Kubali. Ana hoja, halina mlango na ndani kuna wakazi.

#36 Mwl_wa_Fasihi
Kataa, kwa upole. Kitendawili jibu lake limekubaliwa na jamii, ndipo kinapotofautiana na chemshabongo. Ukikubali kila jibu lenye hoja, mtoto akienda kwa wenzake ataonekana hajui.

#37 Siti_wa_Mkunazini
Njia ya kati: "Umekaribia, lakini nyumba yangu ni nyeupe." Halafu tikitimaji lipewe kitendawili chake, atunge yeye.

#38 Kunguru_Mjanja
Wanatungaje? Mimi natunga meseji za kuomba salio tu.

#39 Siti_wa_Mkunazini
Chukua kitu kilichopo chumbani. Tafuta tabia yake moja ya ajabu, moja tu. Kigeuze mtu, mnyama au nyumba. Mpe umiliki, "wangu" au "wa babu". Weka mgongano. Kisha kata maneno mpaka yabaki matano au sita. Kosa la watoto ni kutaja tabia tatu, kinakuwa maelezo. Kosa la wakubwa ni kuweka kitu ambacho mtoto hajawahi kukiona.

Mfano, pantoni la Kigamboni. Rasimu ya kwanza: "Kuna mama mkubwa majini, ana midomo miwili, anameza magari na watu kisha anawatapika upande wa pili." Kata. "Mama ameza magari, ayatapika mazima." Imekaa.

#40 Kunguru_Mjanja
Ng'ombe wangu alishwa usiku, mchana anapiga kelele mfukoni.

#41 Binti_Lewisham
Simu. Kata "anapiga kelele", umetoa jibu bure.

#42 Abu_Tarishi
Turudi kwenye mwiko kabla uzi haujawa wa pantoni. Hoja hadi sasa: kazi (#3), giza (#4), ratiba (#6). Naongeza ya nne: uongo. Ngano ni uongo uliokubaliwa, ndiyo maana nyumba nyingine mwitikio ni "uongo njoo, utamu kolea". Mchana ni wakati wa maneno ya kweli, ya biashara na mashauri. Usiku uliwekewa mpaka ili mtoto ajue sasa tunaingia kwenye yasiyokuwepo.

#43 Mwl_wa_Fasihi
Hiyo nzuri, lakini "Paukwa" ndiyo mpaka. Mlango ukishakuwepo, ukuta wa usiku wa nini?

#44 Siti_wa_Mkunazini
Nyumba ina mlango na ukuta, Mwalimu. Isipokuwa ya #10.

#45 Kibarazani
Mmenipa kazi. Nitafunga mapazia Jumamosi saa 12 na nusu, taa zizimwe, dakika 25. Wakiota pembe nitaleta mrejesho.

#46 Ndizi_Mzuzu
Wakuu, mmenisahau. #16. Hausimiki hausimami. Tumepata mlevi na maji, yote mawili hapana.

#47 Mhamiaji_Columbus
Nyoka?

#48 Daktari_Mashaka
Moshi.

#49 Ndizi_Mzuzu
Mmeshindwa. Nipeni mji.

#50 Kunguru_Mjanja
Chukua Chalinze.

#51 Ndizi_Mzuzu
Chalinze napita tu, sina pa kulala. Mwingine.

#52 Daktari_Mashaka
Haya, chukua Kigoma. Mwisho wa reli.

#53 Ndizi_Mzuzu
Nimekwenda Kigoma, nimefika, nimekula migebuka, nimeshiba, nimelala. Asubuhi watu wa Kigoma wakaniuliza, Daktari mzima kashindwa na nini? Nikawaambia kashindwa na mkufu.

#54 Daktari_Mashaka
Mkufu! Tega kingine.